Picha za Kale za Mimea na Kazi ya Mwalimu wa Shule ya Msingi

Miongoni mwa zana za kufundishia zinazopatikana kwa urahisi, picha ya mmea haipitwi na nyingi. Ni nadra kukuta darasa la shule ya msingi ambalo halijapata kuona ubaoni mchoro wa mharage wenye mizizi, shina, majani na ua. Walakini ni walimu wachache waliopata kujiuliza mchoro huo umetoka wapi, nani aliyeuchora kwanza, na kama aliyeuchora aliutazama mharage wenyewe au alitazama mchoro mwingine tu. Makala haya yanakusudia kueleza habari za vitabu na picha za kale za mimea, hasa zilizochapwa Ulaya tangu mwaka 1530 hata mwisho wa karne ya 19: jinsi zilivyotengenezwa, jinsi wakusanyaji wanavyozipambanua, na madhara yanayozipata zinapoangukia mikono isiyojali. Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni mambo ya matajiri wa London na Paris. Kwa sehemu kubwa ni kweli. Baadhi ya vitabu tutakavyovitaja huuzwa mnadani kwa fedha zinazotosha kujenga shule. Lakini maswali ambayo mkusanyaji hodari huyauliza mbele ya karatasi kuukuu ndiyo yale yale ambayo mwalimu hana budi kuyauliza mbele ya picha anayotaka kuitundika darasani. Picha ya mmea ni ushahidi, na ushahidi hauna budi kuwa na shahidi.

Picha iliyozaliwa na picha

Ubaya wa kunakili ulijulikana tangu zamani. Pliny, mwandishi wa Kirumi aliyefariki mwaka 79 mlima Vesuvius ulipolipuka, alieleza kwamba waganga wa Kigiriki, Krateuas akiwa mmoja wao, walizoea kuchora mimea kwa rangi na kuandika chini yake matumizi yake. Kisha akatoa lawama. Wanaonakili, alisema, hawana ustadi ulio sawa, na kila mmoja huipotosha picha kwa kadiri yake. Tena mmea hubadilika kwa majira ya mwaka, kwa hiyo kuuchora katika hali moja tu ya maisha yake hakutoshi. Lawama hii ya pili imetimiza karibu miaka elfu mbili, na bado yafaa kusomwa katika kila chuo cha ualimu.

Karne nyingi zilizofuata zilimthibitisha. Vitabu vya dawa viliandikwa kwa mkono, na mwandishi alinakili picha za aliyemtangulia. Walikuwapo wachache waliochora vema, lakini aghalabu majani yalilinganishwa kulia na kushoto kama nakshi, na mzizi wa mmea uitwao mandragora ukachorwa kama mtu mwenye miguu na ndevu. Mganga aliyetafuta dawa porini kwa msaada wa kitabu cha namna hiyo angeweza kurudi na sumu.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1530, kilipochapwa mjini Strasbourg kitabu cha Otto Brunfels kiitwacho Herbarum vivae eicones, yaani picha hai za mimea. Mchoraji wake, Hans Weiditz, aliuweka mmea mbele yake akauchora kama ulivyokuwa. Jani likiwa limenyauka, alilichora limenyauka. Shina likiwa limevunjika, alilichora limevunjika. Jambo la kushangaza ni kwamba maneno ya kitabu hicho yalibaki nyuma ya picha zake: Brunfels alikusanya maelezo ya waandishi wa kale, na mara nyingine hayakuuhusu mmea uliochorwa kando yake. Mchoraji alikuwa ametazama. Mwandishi alikuwa amesoma tu.

Miaka kumi na miwili baadaye, mwaka 1542, Leonhart Fuchs alitoa mjini Basel kitabu chake De historia stirpium chenye picha zaidi ya 500. Hapa tunakutana na mtindo tofauti kabisa. Fuchs hakutaka mmea mmoja wenye kasoro zake. Alitaka mmea unaosimama badala ya mimea yote ya namna yake. Kwa hiyo katika baadhi ya picha zake shina moja limebeba ua na tunda kwa pamoja, na mahali pengine mmea mmoja umebeba maua ya rangi mbalimbali ambayo katika maumbile hutoka katika mimea mbalimbali. Huo haukuwa uwongo, kwa maana Fuchs alijua alilokuwa akifanya. Alikuwa akikusanya majira mengi katika ukurasa mmoja, na kwa njia hiyo alikuwa akimjibu Pliny.

Mwalimu mwanafunzi na alifikiri jambo hili kwa makini, maana mchoro wa ubaoni ni wa aina ya Fuchs karibu siku zote, wala wanafunzi hawaambiwi hivyo. Ukichora mwembe wenye maua na maembe mabivu katika tawi moja, umefupisha miezi kadhaa ya mwaka. Mtoto anayeishi chini ya mwembe ataona kwamba picha ya mwalimu haifanani na mti wa kwao. Akiwa mwoga atanyamaza na kuamini kwamba elimu ya shuleni ni kitu kimoja na mwembe wa kwao ni kitu kingine. Hasara hiyo ni kubwa kuliko kukosa picha. Dawa yake si kuacha kuchora kwa mtindo wa Fuchs, bali kusema wazi: mchoro huu umekusanya mambo ambayo hamtayaona kwa siku moja.

Kuna mambo mawili zaidi katika kitabu hicho yanayostahili kutajwa. La kwanza ni kwamba mwishoni mwake zimechapwa picha za mafundi watatu waliokitengeneza: Albrecht Meyer aliyeichora mimea, Heinrich Füllmaurer aliyehamisha michoro kwenye mbao, na Veit Rudolf Speckle aliyezichonga mbao hizo. Heshima ya namna hiyo kwa mafundi ilikuwa nadra, na ni nadra mpaka leo. La pili ni picha ya mahindi, ambayo ni miongoni mwa picha za kwanza za mmea huo kuchapwa Ulaya. Fuchs aliyaita nafaka ya Kituruki, ilhali asili yake ni bara la Amerika. Tusimcheke haraka, kwa sababu neno letu mahindi nalo linaelekeza Bara Hindi. Mmea ulisafiri kwa kasi kuliko habari zake, na kila taifa liliupa jina la yule aliyedhaniwa kuuleta.

Shaba, wino na rangi

Mbao zilizochongwa hutoa mistari minene. Kuanzia mwisho wa karne ya 16 wachapaji wengi walihamia kwenye mabamba ya shaba nyekundu. Fundi huchimba mistari juu ya bamba kwa chuma chenye ncha kali, hulipaka wino, kisha hulifuta mpaka wino ubaki ndani ya mistari peke yake. Karatasi iliyoloweshwa kidogo huwekwa juu yake, na vyote viwili hupitishwa katika mtambo wenye magogo mawili yanayobana kwa nguvu nyingi. Karatasi huingia ndani ya mistari na kuuvuta wino. Mbano huo huacha alama ya ukingo wa bamba kuizunguka picha, kama fremu iliyodidimia, na ukipitisha kidole utaihisi.

Mojawapo ya kazi kubwa za mwanzo za namna hiyo ni Hortus Eystettensis ya Basilius Besler, iliyotoka mwaka 1613 ikiwa na mabamba 367 yanayoonyesha mimea zaidi ya elfu moja ya bustani ya askofu wa Eichstätt, Ujerumani. Iliuzwa kwa namna mbili: bila rangi, na ikiwa imepakwa rangi kwa mkono, ambayo bei yake ilikuwa kubwa mno.

Rangi hizo zilipakwa na nani? Aghalabu hatuyajui majina yao. Lakini habari za Elizabeth Blackwell zinajulikana. Mumewe alifungwa jela ya wadeni mjini London, naye akaamua kujipatia fedha kwa kuchora mimea ya dawa iliyokuwa ikipandwa katika bustani ya Chelsea. Baina ya mwaka 1737 na 1739 alitoa picha 500 katika kitabu kiitwacho A Curious Herbal. Alizichora mwenyewe, akazichimba katika shaba mwenyewe, na akazipaka rangi mwenyewe, kazi ambazo kwa desturi ziligawanywa kwa watu watatu au zaidi. Mume alifunguliwa.

William Curtis naye alijifunza kwa uchungu kwamba ubora na uuzaji havitembei pamoja. Kuanzia mwaka 1777 alitoa Flora Londinensis, kazi ya kurasa kubwa juu ya mimea ya kawaida iliyoota yenyewe katika sehemu za London. Wataalamu walimsifu, wanunuzi hawakutosha, kwa kuwa watu hawakutaka kulipia magugu waliyoyaona njiani. Mwaka 1787 akaanzisha jarida dogo, The Botanical Magazine, lenye picha za maua mageni ya bustani. Likanunuliwa sana, na mpaka leo linaendelea kutolewa na Bustani za Kew. Picha zake zilipakwa rangi kwa mkono hadi mwaka 1948.

Mbele zaidi kuna Pierre-Joseph Redouté, aliyefanya kazi Paris na kuishi tangu mwaka 1759 hadi 1840. Picha 486 za Les Liliacées, zilizotoka kati ya 1802 na 1816, na zile za waridi za Les Roses zilizofuata, ndizo zilizonakiliwa kupita nyingine zote. Ziko katika kalenda, katika makopo ya biskuti, na katika kadi za sikukuu. Mabamba yake yalijazwa vitone vidogo badala ya mistari, na rangi kadhaa zilitiwa juu ya bamba moja kabla ya kuchapa, kisha mapengo yakamaliziwa kwa brashi. Kwa maoni yangu, kwa mwalimu Curtis anafaa zaidi kuliko Redouté. Waridi la Redouté linapendeza mno hata jicho hupumzika. Katika jarida la Curtis mara nyingi utakuta kando ya mmea ovari iliyopasuliwa au stameni iliyokuzwa, na jicho hulazimika kuuliza ile ni sehemu gani.

Namna ya kuipambanua picha ya kale

Mkusanyaji anayeanza hushika lenzi ya mkono kabla ya kushika fedha. Picha iliyochapwa kwa mashine za kisasa kutokana na fotografia, ikitazamwa kwa lenzi, hugeuka vitone vya rangi chache vilivyopangwa kwa safu. Picha ya kale ina mistari ya wino iliyokamilika, au vitone visivyo na mpango wa namna hiyo, na rangi ya mkono huonekana ikivuka mstari hapa na kupungukia pale. Alama ya ukingo wa bamba husaidia, ila isitegemewe peke yake. Picha zilizochapwa kwa jiwe, ufundi uliobuniwa na Alois Senefelder mwishoni mwa karne ya 18, hazina alama hiyo hata kidogo, na wapo walaghai wanaoigandamiza katika nakala za jana.

Karatasi nayo husema. Mpaka karne ya 19 karatasi za Ulaya zilitengenezwa kwa matambara ya kitani na pamba, nazo hudumu. Karatasi za mbao zilizoenea katika nusu ya pili ya karne hiyo huwa na asidi. Hugeuka rangi ya chai na kukatika zikikunjwa. Ndiyo maana kitabu cha mwaka 1613 chaweza kuwa kizima kuliko cha mwaka 1890. Rangi ya kijani iliyotokana na kutu ya shaba huila karatasi polepole, hata nyuma ya jani lililochorwa hutokea jani la kahawia kama kivuli. Rangi za maji ziliunganishwa kwa gundi ya migunga, ambayo mpaka leo sehemu kubwa yake hutoka Sudan.

Nani aliyemwonyesha mchoraji?

Swali hili halikuulizwa sana na wakusanyaji wa zamani, nalo linatuhusu sisi kuliko wao. Mwaka 1699 Maria Sibylla Merian, mzaliwa wa Frankfurt, akiwa na umri wa miaka 52, alisafiri na bintiye Dorothea mpaka Surinam, koloni la Waholanzi huko Amerika ya Kusini. Alirudi mwaka 1701 kwa sababu ya maradhi, na mwaka 1705 akatoa kitabu chenye picha 60, nyingi zikionyesha mmea pamoja na kiwavi, pupa na kipepeo wanaohusiana nao. Wenye mashamba, aliandika, hawakujali mmea wowote isipokuwa miwa. Habari za matumizi ya mimea alizipata kwa wenyeji na kwa Waafrika waliokuwa watumwa, naye alikiri hivyo katika maelezo yake. Majina yao hakuyaandika.

Tofauti na huo ni mfano wa Hortus Malabaricus, kazi ya majuzuu 12 iliyochapwa Amsterdam kati ya mwaka 1678 na 1693 kwa amri ya Hendrik van Rheede, mtawala wa Kiholanzi huko Cochin katika pwani ya Malabar. Mmea wa kwanza katika juzuu la kwanza ni mnazi. Ndani yake mna mkwaju, mfenesi na mwembe, miti ambayo mtoto wa Pangani au Malindi anaifahamu kwa majina yake yote. Juu ya picha yameandikwa majina si kwa Kilatini tu, bali pia kwa hati za Kimalayalam, Kiarabu na Kinagari. Na katika juzuu hilo la kwanza limechapwa tamko la mganga Itti Achudan, kwa lugha yake mwenyewe, akishuhudia kwamba maarifa ya mimea hiyo ameyatoa yeye. Mkusanyaji anayelijua jambo hili hataridhika na picha ya mnazi iliyochanwa na kukatwa sehemu ya juu ili ienee katika fremu, maana majina yale ndiyo yaliyokatwa.

Katika nchi yetu wenyewe mfano ulio karibu ni ua dogo la zambarau linalomea katika miamba ya misitu ya Usambara. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ofisa wa serikali ya Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao Ujerumani. Mwaka 1893 Hermann Wendland wa Hanover aliupa mmea huo jina la Saintpaulia, kwa heshima ya ofisa huyo, na mwaka 1895 picha yake ikatoka katika lile jarida la Curtis. Tangu mwaka 2015 wataalamu wameuingiza katika jenasi ya Streptocarpus, lakini wauza maua wanaendelea na jina la zamani. Ua hili sasa limo katika vyungu vya madirishani katika nchi nyingi za dunia, ilhali kwao misitu inapungua na baadhi ya aina zake zimo hatarini. Aliyeongoza njia hadi kwenye mwamba ule hakutiwa katika jina.

Kuvunja kitabu

Wafanyabiashara wa picha za kale wana kazi moja ambayo wenyewe huiita kuvunja. Hununua kitabu kizima, hukifumua uzi, hutenga picha na maneno, kisha huziuza picha moja moja. Hesabu yake ni nyepesi: picha mia mbili zikiuzwa kwa mtu mia mbili aghalabu hutoa fedha nyingi kuliko kitabu kimoja kikiuzwa kwa mtu mmoja. Kurasa za maneno, zisizo na mnunuzi, hutupwa au huuzwa kwa bei ya karatasi. Kwa njia hiyo vitabu vingi kamili vimetoweka katika miaka mia iliyopita.

Watetezi wa biashara hiyo husema kwamba huwawezesha watu wa kipato cha kadiri kumiliki kitu cha kale, na kwamba kitabu kilichokwisha kuharibika hakina cha kupoteza. Hoja ya pili ina uzito. Juzuu lililoliwa na mchwa nusu nzima si dhambi kugawa mabaki yake. Ama hoja ya kwanza, haitoshi. Katika jarida la Curtis kila picha ilikwenda na ukurasa wa maelezo: mmea umetoka wapi, umeletwa na nani, ulichanua mwezi gani. Ukiuondoa ukurasa huo, kilichobaki ni ua zuri katika ukuta wa hoteli. Haliwezi tena kumjibu mtu anayeuliza kama mmea ule uliwahi kuota katika mlima fulani kabla ya msitu kukatwa, na swali hilo leo linaulizwa kwa dhati.

Mkusanyaji mwema hufanya kinyume chake. Rachel McMasters Miller Hunt wa Pittsburgh, Marekani, alitumia maisha yake kukusanya vitabu vizima vya mimea, na mwaka 1961 mkusanyiko wake ukafunguliwa kuwa maktaba, ambayo sasa ni taasisi ya utafiti. Nairobi pia, katika jumba la makumbusho, zimehifadhiwa picha za mimea ya Kenya alizozichora Joy Adamson, ambaye wengi wanamfahamu kwa habari za simba tu. Mwaka 1947 alipewa nishani ya dhahabu ya chama cha bustani cha Uingereza kwa ajili ya michoro hiyo ya maua.

Mimea katika vyombo, milango na kanga

Picha za vitabuni zilihamia pia kwenye vyombo. Serikali ya Denmark ilianza mwaka 1761 kutoa Flora Danica, kitabu cha mimea ya nchi hiyo ambacho hakikumalizika mpaka mwaka 1883, kikiwa na picha 3,240. Mwaka 1790 kiwanda cha kauri cha mfalme kikaagizwa kutengeneza vyombo vya mezani vyenye picha hizo hizo. Kazi ilikoma mwaka 1802 vikiwa vyombo 1,802, karibu vyote vimepakwa rangi na mtu mmoja, Johann Christoph Bayer. Ukiigeuza sahani utakuta nyuma yake jina la Kilatini la mmea. Hata chini ya mchuzi, lebo haikupotea.

Mapambo ya pwani yetu yana tabia nyingine. Katika milango ya nakshi ya Zanzibar na Lamu, na katika kanga zenye umbo la korosho, mmea umegeuzwa kuwa mtindo. Haukukusudiwa kumsaidia mtu kuutambua porini. Si pungufu kwa hilo, ila ni kazi ya namna nyingine, na wanafunzi wa darasa la sita wanaweza kuulizwa watenganishe: hii ni picha ya mmea, hii ni nakshi iliyotokana na mmea.

Darasani

Mwalimu wa shule ya msingi hana haja ya kununua chochote. Tangu mwaka 2006 maktaba kadhaa kubwa zimeshirikiana kuweka vitabu vya kale vya mimea katika intaneti, bila malipo, chini ya jina la Biodiversity Heritage Library. Hapo jarida la Curtis linapatikana pamoja na kurasa zake za maneno. Chuo chenye kompyuta moja na mashine ya kuchapia chaweza kuwapa wanachuo picha chache za mimea inayojulikana hapa. Zichapwe pamoja na maelezo yake, na chini yake iandikwe kitabu zilimotoka na mwaka wake.

Baada ya hapo kazi ihamie kwenye mimea yenyewe. Bamia hufaa sana kwa darasa la nne au la tano. Ua lake la manjano lenye moyo wa zambarau hufunguka asubuhi na kunyauka siku ile ile, hivyo somo na liwe kipindi cha kwanza. Kila mtoto achore tawi lililo mbele yake kwa mtindo wa Weiditz, pamoja na jani lililotobolewa na mdudu. Mwalimu asimsahihishe anayechora tundu. Wiki inayofuata wachore tawi lile lile, likiwa sasa na tunda. Ndipo wakae kwa makundi watengeneze mchoro mmoja wa mtindo wa Fuchs unaojumlisha yote mawili, na waandike pembeni ni siku gani kila sehemu ilionekana. Katika vipindi vitatu hivyo watakuwa wamezifahamu petali, sepali, stameni na ovari pasipo kukaririshwa.

Kila mchoro uandikwe nyuma mambo matano: jina la mmea katika lugha ya nyumbani, jina lake la Kiswahili, mahali ulipochumwa, tarehe, na jina la aliyeuonyesha, awe bibi, mchungaji wa mbuzi au mtoto mwenzake. Majina ya lugha za nyumbani yaandikwe hata kama yanatofautiana baina ya kijiji na kijiji. Tofauti hizo ni mali.

Tahadhari za kuhifadhi ni chache. Jua hufifisha rangi, kwa hiyo picha isikae mkabala na dirisha. Utepe wa kunata hugeuka manjano na kuacha doa lisilotoka. Afadhali uzi au pembe za karatasi. Michoro ilazwe katika jalada la kadibodi ndani ya kabati lililoinuliwa kutoka sakafuni, na kabati likaguliwe kila mwezi kwa ajili ya mchwa na mende. Katika ukuta wenye unyevu picha isitundikwe kabisa. Itolewe siku ya somo, ionekane, na jioni irudishwe mahali pake, pamoja na karatasi yake ya maelezo.